Siku Arobaini za Adero

Jumatatu, 1 Machi 1993

Daftari hili lilikuwa la Historia. Nimechana kurasa za vita vya Ulaya na kubakiza zilizo tupu. Nitaandika humu mpaka masika yaishe au kurasa ziishe.

Matokeo ya kidato cha nne yametoka. Nina C, ila Kiswahili nina B. Mama amesema B ya Kiswahili haisongi ugali, kwa hiyo leo amenipeleka kwa fundi nikajifunze cherehani. Kibanda kiko kwenye ploti ya Bi Salme, ng'ambo tu ya bomba la maji ambapo nusu ya mtaa wetu wa Nyalenda hupanga foleni. Fundi anaitwa Adero.

Kila mtu hapa anajua habari zake, hata mimi ambaye huwa siulizi. Alizaliwa Pap Onditi, kule Nyakach, akapewa jina la Gordon na kulelewa kama mvulana. Alipohamia Kisumu miaka tisa iliyopita alikuja na gauni, kitambaa cha kichwa na jina la Adero. Wapo wanaomcheka. Wapo wanaotema mate akipita. Na hao hao humletea nguo zao, kwa sababu hakuna anayekata kola kama yeye.

Mama alinifikisha mlangoni akaondoka haraka, kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

"Unaitwa nani?" Adero akaniuliza. Ni mrefu, ana bangili za plastiki, na sauti yake ni nzito.

"Beldina," nikajibu, nikitazama viatu vyangu.

"Viatu ndivyo vinaitwa Beldina? Haya, karibuni viatu. Ketini."

Jumatano, 3 Machi

Nimejichoma sindano mara nne. Joto.

Ijumaa, 5 Machi

Kibanda hiki kina sheria moja. Nguo ikiisha, haikai kwenye msumari. Mwanafunzi husimama mlangoni, na mwenye nguo akipita anamwita kwa jina, kwa sauti, hata akiwa upande wa pili wa barabara. Leo Mama Rosa alipita na sketi yake iko tayari. Nilifungua mdomo, ikatoka hewa tu.

"Sasa sketi imtafute yenyewe?" Adero akasema.

"Nina aibu, dada."

"Aibu ni ya mtu ameiba nguo. Wewe umeshona. Mtu akiitwa jina lake mbele ya watu, anajua kuna mahali alikuwa anafikiriwa. Kesho utaita."

Akisema kesho, ni kesho. Nimeandika hili ili usiku usiingie bila mimi kukiri kwamba naogopa.

Jumanne, 9 Machi

Sikuita Jumamosi, wala jana, wala leo.

Kazi ni nyingi. Mwaka huu Idd na Pasaka zimekaribiana, kwa hiyo upande mmoja wa kibanda ni kanzu na upande mwingine ni sare mpya za akina mama wa kanisa letu, gauni la buluu na kola nyeupe. Mama ni mmoja wao. Juu ya mlango, kwenye msumari wa peke yake, kuna gauni la manjano ambalo Adero anajishonea la Pasaka. Hulishona kidogo kidogo, wateja wakiisha.

Bi Salme huja kukaa nasi alasiri. Amefunga, kwa hiyo hana subira na kitu chochote.

"Huyo Dorca mama yako hajui unashona hivi?" akamwuliza Adero. "Angekuja akuone."

"Anajua. Huja kila mwezi wa nane, analeta karanga. Analala hapa sakafuni karibu na cherehani."

"Na anakuita nani?"

Adero akakata uzi kwa meno. "Ananiita 'wewe'. Wewe, kula. Wewe, lala. Inatosha kwa sasa."

Jumamosi, 13 Machi

Nilikuwa kwenye foleni ya maji na Adero. Waliaula, mwenye bomba, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake na ufunguo wa koki umefungwa shingoni. Nyuma yetu akaja Oketch, yule anayebeba mizigo sokoni, na rafiki zake wawili.

"Gordon!" akaita. "Wazee wanakutafuta nyumbani, plau imekosa mtu!"

Adero hakugeuka. "Oketch, suruali yako naitia kiraka matakoni mara ya tatu. Unakalia nini, msumeno?"

Foleni nzima ikacheka. Waliaula alicheka mpaka kofia ikaanguka. Rafiki zake Oketch pia walicheka. Yeye hakucheka.

Kwetu Wajaluo mwanamke huitwa kwa mahali alikotoka. Nyar ni binti. Mwanamume ni wuod. Mama mmoja akampisha Adero mbele akisema, "Pita, Nyar Nyakach, leo umetuchangamsha," na Oketch akasema, "Nyar? Hapa hakuna nyar. Ni wuod." Akarudia mara mbili, na mara ya pili hakuna aliyecheka.

Tukirudi nikapata ujasiri wa kuuliza. Niliuliza vibaya, sikumbuki hata nilivyosema. Adero akaweka ndoo chini.

"Mimi ni mwanamke, Beldina. Hilo sikulichagua, kama wewe hukulichagua. Nilichochagua ni kutojificha."

Akabeba ndoo tena.

Jumatatu, 15 Machi

Mvua imeanza. Imetoka ziwani saa nane mchana, nyeusi, ikang'oa mabati ya jirani.

Ijumaa, 19 Machi

Nimeita! Mama Rosa alikuwa amepita bomba tayari. Nilifumba macho nikaita jina lake, na watu sita wakageuka. Adero akapiga vigelegele kama nimeolewa. "Viatu vimeongea!" akamwambia Bi Salme. "Viatu vimeongea leo!"

Jumapili, 21 Machi

Adero amekufa.

Nimeandika neno hilo, nikaliacha, nikarudi. Sasa nitaandika yote.

Jana saa kumi na moja jioni alitoka kupeleka kanzu nne za Idd kwa jamaa wa Bi Salme. Alizikunja vizuri, akazifunika nailoni kwa sababu ya mawingu. Aliniambia nifagie nyuzi. Nilikuwa nikifagia niliposikia sauti kutoka upande wa barabara kubwa. Mwizi! Mwizi wa nguo!

Nilijua sauti hiyo ni ya Oketch. Nilijua palepale, fagio likiwa mkononi.

Hapa mtu akiitwa mwizi, hakuna anayeuliza ameiba nini. Nilipofika ilikuwa imekwisha. Mvua ilikuwa inanyesha na watu wameanza kurudi nyuma, kila mmoja akijifanya amefika sasa hivi. Kanzu zilikuwa kwenye matope. Bangili moja ilikuwa imevingirika mpaka mtaroni. Zaidi ya hapo sitaandika nilichoona. Ni chake, si cha daftari.

Waliaula alikuwa amepiga magoti, amemfunika kwa koti lake.

Askari wawili wakaja. Mmoja akatoa kalamu. "Anaitwa nani huyu?"

Watu wakazidi kurudi nyuma.

Akanitazama, nafikiri kwa sababu nilikuwa nalia. "Wewe msichana. Unamjua?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Jina lake?"

Nilifungua mdomo, ikatoka hewa tu.

"Gordon," Oketch akasema, amesimama pale pale, mikono mfukoni. "Mwizi."

Askari akaandika.

Jana yake tu nilikuwa nimeita jina la mtu kwa ajili ya sketi.

Jumatatu, 22 Machi

Sikuenda popote. Mama amekaa kitandani pangu. Mvua.

Alhamisi, 25 Machi

Leo Idd. Bi Salme alizifua zile kanzu nne mara tatu, akazipiga pasi mwenyewe. Jamaa zake walikataa kuzivaa. Akawaambia, "Basi hamna kanzu nyingine, nendeni mkaswali uchi." Wakavaa.

Alasiri alinikalisha kibandani, akafunga mlango nusu, akanieleza jambo ambalo sikulijua. Kaka yake, Mzee Abeid, alikuwa na mtoto aliyeitwa Faraji. Faraji alipokua alitaka kuitwa Rehma. Bi Salme ndiye aliyemnunulia mtandio wa kwanza. Mwaka wa 1986 akakutwa amepigwa na kuachwa karibu na reli. Alizikwa siku hiyo hiyo kabla ya alasiri. Wanaume walimswalia kama mwanamume, na siku ya arobaini, ambapo kwao watu hukusanyika wakasoma dua na kula pamoja, nyumba ilikuwa imefungwa. Abeid alisafiri.

"Miaka saba sijamtaja mbele ya mtu," akasema. "Nilifikiri nikinyamaza watamwacha apumzike. Wamempumzisha mpaka hakuwahi kuwepo."

Akahesabu kwa vidole, tangu Jumamosi. Siku ya arobaini ya Adero ni Jumatano, tarehe 28 Aprili.

"Tutawasomea wote wawili," akasema. "Adero na Rehma. Kwa majina yao. Mbele ya watu. Na wewe utaita la Adero."

Nikasema siwezi.

"Mimi sikukuuliza kama unaweza."

Jumapili, 28 Machi

Jana tumemzika kwao Pap Onditi. Sisi wa Kisumu tulikuwa watano: mama, mimi, Bi Salme, Waliaula na Mama Rosa. Njiani, mbele ya Katito, gari la jeneza lilizama kwenye tope, na sisi wanawake tukashuka tukasukuma mpaka viatu vikabaki humo.

Walikuwa wamemvika suti ya marehemu baba yake. Mikono ilikuwa mifupi.

Wakasimama wasemaji, mmoja baada ya mwingine. Wuod Nyakach. Kijana wetu Gordon. Mji umetuharibia kijana wetu. Mzee mmoja akasema tusiulize sana alikufaje. Bi Salme alikuwa ameushika mkono wangu, na kila wakisema wuod anaubana, mpaka ukafa ganzi.

Mama yake, Dorca, ni mwembamba na ana macho ya Adero. Alikaa kwenye mkeka. Walipomwuliza kama ana la kumwambia mwanawe, akatikisa kichwa. Walipofukia kaburi, pale ndani ya boma karibu na nyumba yake, alilitazama lile shimo na hata chozi halikutoka. Nafikiri alionekana kama mtu aliyepata alichotaka.

Namchukia. Nimeandika na sifuti. Mtoto wake alimpa mahali pa kulala karibu na cherehani, naye hakuweza kumpa jina.

Jumapili, 4 Aprili

Matawi. Mvua. Gauni la manjano bado liko kwenye msumari. Upindo wa chini haujashonwa.

Jumapili, 11 Aprili

Pasaka. Akina mama ishirini na wawili waliingia kanisani wakiimba, kola nyeupe, buluu imetulia mabegani kama imemiminwa. Kila mshono ni wa Adero. Vifungo nilitia mimi.

Baada ya ibada nilimpelekea Mzee Ogola, mzee wa kanisa, karatasi. Yeye ndiye husoma majina ya marehemu wa kuombewa. Nilikuwa nimeandika jina moja. Alivaa miwani.

"Huyu ni nani?"

"Fundi wetu, mzee."

"Fundi alikuwa Gordon. Nitasoma Gordon, roho yake ihurumiwe. Hili lingine siwezi kulitamka madhabahuni."

"Mzee, hata hiyo suruali uliyovaa—"

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Mama alinivuta mkono. Mzee Ogola alitazama suruali yake, halafu akanirudishia karatasi.

Jumatano, 14 Aprili

Bi Salme amekwenda kwa kaka yake Abeid kumwomba nyumba ya kufanyia dua, au hata ua wa nyuma. Amerudi na uso umevimba kwa hasira.

"Ameniuliza, dua ya Mkristo? Na Mkristo wa namna ile? Nikamwambia, basi ya mwanao. Akafungua redio."

Kwa hiyo kanisani hatuna mahali, na kwa Waislamu hatuna mahali.

Alhamisi, 15 Aprili

Imenyesha kutwa. Jengo la choo cha ploti limeanguka. Oketch amepita mbele ya kibanda anapiga mluzi.

Jumatatu, 19 Aprili

Waliaula ndiye aliyepata wazo. Alikuja kuchukua shati lake, akasimama na kusimama.

"Bomba ni langu," akasema mwishowe. "Kila mtu lazima aje bombani. Mkristo anakuja, Mwislamu anakuja, hata yule mjinga Oketch anakuja. Saa moja asubuhi foleni inafika kwa kinyozi. Mimi nikifunga koki, mtaenda wapi? Mtasikiliza."

Bi Salme akamgeukia. "Waliaula, na mimi siku zote nikidhani kichwa chako ni cha kuvalia kofia."

Kuna nguo kumi na nne zilizobaki ambazo wenyewe wameogopa kuzifuata. Nimeanza kuzipeleka nyumba kwa nyumba. Nabisha, naita jina, natoa nguo, nasema, "Jumatano wiki ijayo saa moja, bombani, tunamkumbuka Adero." Nikisema hilo jina mtu hutazama nyuma yangu kuona nani amesikia. Leo nyumba tano. Watatu walisema watajaribu. Mmoja alipokea nguo akafunga mlango. Mmoja alisema, "Nani?" nami nikarudia, kwa sauti zaidi.

Alhamisi, 22 Aprili

Dorca yuko hapa. Alifika asubuhi amelowa, amebeba karanga, eti amekuja kuchukua vitu vya mtoto wake kabla shemeji zake hawajaja kutaka cherehani. Nilimpa kigoda bila kumwamkia vizuri. Najua ni vibaya.

Alikaa akatazama gauni la manjano kwa muda mrefu.

"Kule kaburini ulinitazama kama nimemuuza," akasema.

Sikukataa.

"Wewe ni Mjaluo. Binti mkubwa ambaye hajaolewa anazikwa wapi?"

"Nje ya ua, mama."

"Nje ya ua. Nyuma ya uzio wa minyaa, ng'ombe wanapita juu yake. Wazee walinikalisha wakaniuliza, Dorca, huyu tunamzika kama nani? Nikasema ni kijana. Kama ningesema kile ninachojua, wangemtupa nje. Wakataka suti, nikatoa suti. Wakataka wuod, nikawaachia wuod. Mimi nilitaka udongo wa ndani, basi. Sasa amelala hatua kumi kutoka mlango wangu, na asubuhi nikifagia tunaamkiana."

Bi Salme aliacha kupepea jiko.

Dorca akafungua kitambaa chake cha kichwa. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, fupi kama za mtoto. "Mwanamume akifa, sisi wafiwa tunanyoa nywele siku ya nne. Mwanamke siku ya tatu. Mimi nilichukua wembe siku ya tatu. Shemeji zangu walicheka, wakasema maskini, huzuni imemsahaulisha kuhesabu. Nikawaacha wacheke. Sijawahi kukosea hesabu ya siku za mtoto wangu."

Nilipiga magoti nikamshika miguu. Miguu ilikuwa na tope la Nyakach mpaka kwenye vifundo. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Inuka, Beldina, unanikanyagia karanga."

Tulimweleza kuhusu Jumatano. Alianza kuokota karanga.

"Wakisikia kule Pap Onditi, watasema uliwadanganya," Bi Salme akasema. "Fikiria."

"Kwetu mtu akishazikwa hafukuliwi," Dorca akajibu. "Watanifanya nini? Watakasirika. Wana miguu, waje wanikasirikie huku."

Lakini baadaye nilimsikia akijaribu jina la Adero peke yake, kwa sauti ndogo, na halikutoka. Najua mdomo wa namna hiyo.

Jumanne, 27 Aprili

Nyumba zote kumi na nne nimezimaliza.

Mzee Ogola amekuja nyumbani. Amemwambia mama kwamba sare ya kanisa ni ya ibada, na mwanamke atakayeonekana nayo bombani kesho ataitwa mbele ya wazee. Mama alimpa chai. Akamwambia, "Asante kwa kunikumbusha, mzee." Hakusema zaidi, nami sikumwuliza. Mwaka huu nimejifunza kutomhukumu mtu kwa kunyamaza kwake.

Jioni nimekaa na gauni la manjano. Nimeshona upindo wa chini kwa mkono, mishono midogo kama alivyonifundisha, na kukata uzi kwa meno. Limekwisha. Tangu afe limekaa kwenye msumari siku arobaini kasoro moja, kinyume cha sheria.

Jumatano, 28 Aprili

Hapakuwa na mvua. Matope tu, na ukungu kutoka ziwani.

Bi Salme alipofungua mlango alfajiri alikuta jamvi limekunjwa kizingitini. Alilitambua. Ni jamvi la Abeid, la nyumbani kwake, lile linalotandikwa siku za dua. Abeid mwenyewe hakuwepo, wala hakuja baadaye. Bi Salme alilibeba kichwani mpaka bombani, akalitandaza penye ukavu.

Saa moja foleni ilikuwa imepita kwa kinyozi. Waliaula akasimama, akazungusha ufunguo, maji yakakatika. Kelele zikaanza.

"Waliaula! Watoto wanaenda shule!"

"Leo maji yanangoja watu wawili," akasema, na kukaa.

Mama Rosa alikuja. Kati ya wale kumi na wanne walikuja tisa. Kisha nikaona buluu ikishuka kutoka upande wa kanisa. Mama yangu alikuwa mbele, kola nyeupe, kitambaa kimepigwa pasi, na nyuma yake akina mama kumi na mmoja. Hawakuwa wakiimba. Walikuja wakasimama pembeni ya jamvi, jirani na wanawake walioitwa na Bi Salme, wenye mitandio.

"Mama, Mzee Ogola—" nikanong'ona.

"Aniite," mama akasema. "Nitakwenda na gauni hili hili."

Bi Salme alitangulia. Aliinua viganja, akasoma Fatiha, na wanaojua wakaitikia amina. Akasema, "Hii ni ya Rehma binti Abeid, aliyeuawa karibu na reli mwaka wa themanini na sita. Rehma. Miaka saba nimelikaa kooni. Rehma." Mwanamke mmoja mzee kwenye foleni akaweka chini ndoo yake na kusema, "Nilimjua. Alikuwa anacheka sana." Ndipo Bi Salme alipolia.

Mama akaomba kwa Kijaluo, maneno machache. Halafu wote wakanigeukia.

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kibanda, gauni likiwa mkononi. Kati yangu na bomba kulikuwa na barabara na watu kama sitini. Na kwenye foleni, na mtungi wa njano, alikuwepo Oketch.

"Fungua maji, bwana!" akasema. "Tunacheleweshwa na habari ya Gordon?"

Nilifungua mdomo. Hewa ikatoka kwanza. Nikaisikia. Kisha nikafanya alivyonifundisha. Sikumtazama mtu yeyote. Nilitazama upande wa pili wa barabara, kana kwamba anapita pale na bangili zake, na nguo yake iko tayari.

"Adero!"

Kinyozi akatoka nje na mkasi.

"Adero! Adero wa Nyalenda, fundi! Gauni lako limekwisha!"

Niliona Dorca amesimama katikati ya jamvi, na midomo yake inajaribu. Mteja akiitwa, mtu huitika, lakini wa kuitika hakuwepo. Mama yake akavuka barabara kwenye matope, polepole, akanifikia, akapokea gauni kwa mikono miwili. Akalilaza begani, kama unavyombeba mtoto aliyelala. Halafu akageuka kuwatazama watu wote na sauti ikamtoka, kubwa kuliko mwili wake.

"Nyar Nyakach! Nyathina, binti yangu! Mama amekuja kukuchukulia!"

Na vigelegele vikapigwa. Wa buluu walipiga na wa mitandio walipiga, mpaka mbwa wakabweka. Nyar Nyakach, wakaitikia, Nyar Nyakach, mara nyingi, sikuhesabu.

Waliaula akafungua koki. Oketch alikuwa wa nane kwenye foleni. Mwanamke aliyekuwa mbele yake alimgeukia akamtazama, bila tusi, akamtazama tu. Wa nyuma yake pia. Akatoka kwenye foleni, akaondoka na mtungi mtupu.

Ijumaa, 30 Aprili

Mvua imerudi. Dorca ameondoka na gauni. Cherehani ameniachia, amesema shemeji zake wakiuliza, ameipoteza kwa huzuni, kama alivyopoteza hesabu. Mama ameitwa na wazee Jumapili. Amekwishafua kola.

Leo nikipanga nguo nimekuta chini kabisa suruali moja ya kaki. Kiraka matakoni, mshono mara mbili, safi. Adero alikuwa ameimaliza.

Saa kumi Oketch alipita akielekea sokoni, kichwa chini kwa sababu ya mvua. Nikasimama mlangoni na kuinyanyua suruali juu.

"Oketch!"

Watu wote wa bombani wakageuka.

"Oketch! Suruali yako iko tayari! Adero aliimaliza!"

Akakaza mwendo. Nikaita tena, mpaka akakata kona.

Nimeirudisha kwenye msumari. Kesho lazima apite hapa.